Kuirudia hisabati ukubwani: kisa cha mtahiniwa mmoja wa GRE

Wiki sita za kusoma kila jioni, na alama za hisabati katika GRE, mtihani wa kuombea nafasi za shahada za uzamili, zikapanda kutoka 143 hadi 145. Aliyezipata hakuwa mvivu wala mzito wa kuelewa, na kitabu alichokitumia kilikuwa kizuri. Nakiandika kisa chake kwa sababu watu wazima wengi wanaorudi kwenye hisabati baada ya miaka mingi hupita njia hiyohiyo, na wakikwama huamini kwamba tatizo ni akili yao. Mwenyewe ameridhia kiandikwe. Jina, nchi, kazi yake hasa na chuo alichoomba nimeviondoa. Hapa nitamwita N.

## Usuli

N. alikuwa na shahada ya kwanza ya masomo ya jamii na zaidi ya miaka kumi kazini alipoamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Kozi aliyoitaka ina takwimu nyingi, na idara iliwataka waombaji walete alama za GRE. Hisabati aliiacha alipomaliza sekondari; chuoni hakuigusa. Kazini alisoma ripoti zenye asilimia na wastani, akajaza majedwali, lakini aliyekuwa anakokotoa ni kompyuta. Tangu shule hakuwahi tena kukaa na kalamu akitafuta thamani ya x.

Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nilipomuuliza anakumbuka nini, alitaja bila kusita: Pythagoras, eneo la duara, magazijuto, kuhamisha namba upande wa pili wa mlinganyo na kubadili alama yake. Orodha ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaongeza, "Mwalimu, mimi na hesabu tuliachana vibaya," na hapo nikajua kuna mzigo mwingine mbali na kanuni.

Alikuwa na miezi mitano kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka maombi, kazi ya kutwa, na familia. Muda wake halisi wa kusoma ulikuwa saa moja na nusu jioni, pamoja na asubuhi moja ndefu mwishoni mwa wiki. Nalitaja hili kwa sababu mipango mingi ya maandalizi huandikwa kana kwamba msomaji hana kingine cha kufanya duniani.

## Mtihani wenyewe

GRE ilifupishwa Septemba 2023, na sasa wote unamalizika kwa muda usiotimia saa mbili. Upande wa hisabati una awamu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, kila swali lina kama dakika moja na sekunde 44. Alama huanzia 130 hadi 170. Ukifanya vizuri awamu ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali tupu. Kikokotoo kidogo kipo kwenye skrini.

Yanayoulizwa ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na uchambuzi wa takwimu. Trigonometria haimo, kalkulasi haimo. Mtu akisikia hivyo hupumua: kumbe ni mambo ya sekondari tu. Ndiyo, ni ya sekondari, lakini watunzi wanajua vizuri ni wapi kumbukumbu ya mtu mzima imebaki nusu, na swali hutungwa pale pale. Mfano mzuri ni maswali ya kulinganisha. Unapewa Kiasi A na Kiasi B, na majibu ni yaleyale manne siku zote: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa zilizotolewa hazitoshi kuamua. Hapo huulizwi kukokotoa sana. Unaulizwa kama una uhakika.

## Wiki sita za peke yake

Sehemu hii naieleza kwa kufuata madaftari ya N. na maelezo yake, kwa kuwa alinifikia baadaye.

ETS, taasisi inayoutunga mtihani huu, hutoa bure majaribio mawili kamili ya kufanyia kwenye kompyuta, yanayoitwa POWERPREP. N. alifanya la kwanza kabla ya kusoma chochote, akapata 143 upande wa hisabati. Akanunua kitabu kinene cha maandalizi, akaanza ukurasa wa kwanza. Mpango wake ulikuwa sura moja kwa siku mbili: asome maelezo, anakili mifano iliyofanywa, atazame video ya mada hiyo, kisha afanye maswali ya mwisho wa sura huku kitabu kiko wazi pembeni.

Alisema zile wiki zilimpa raha. Kila ukurasa ulikuwa na kitu alichokitambua. "Nikawa najiambia, kumbe ninayajua haya." Alimaliza sura zote kabla ya muda aliojiwekea, akafanya jaribio la pili la bure akitegemea alama za kumtoa kimasomaso. Zikaja 145.

Hapo ndipo alipotafuta mtu wa kumfundisha.

## Siku ya madaftari

Nilimwomba aje na madaftari, si kitabu. Yalikuwa masafi mno. Mifano imenakiliwa kwa mwandiko mzuri, kanuni zimezungushiwa rangi, majibu yote sahihi. Hakuna mahali palipofutwa. Daftari la mtu anayejifunza hesabu kwa kweli huwa na mikwaruzo, na kutokuwepo kwake kulinipa wazo.

Nikachagua mfano mmoja alioununua kwa jasho lake mwenyewe, ulionakiliwa siku chache nyuma: mashine moja hujaza tangi kwa saa 6, nyingine kwa saa 3, zikifanya kazi pamoja zitalijaza kwa muda gani? Nikafunika ufumbuzi kwa karatasi, nikampa kalamu. Aliandika 6 na 3, akajumlisha, akagawanya kwa 2, akapata saa nne na nusu, akaacha. Alijua kuna kitu hakijakaa sawa, kwa kuwa mashine mbili haziwezi kuchelewa kuliko ile ya saa 3 ikiwa peke yake. Lakini hakuona pa kuanzia tena. Nilipoinua karatasi, alicheka kwa uchungu: "Mwalimu, hili nalijua kabisa." Kwa saa moja mashine ya kwanza inajaza sita moja ya tangi, ya pili theluthi moja, jumla nusu, basi saa mbili. Akilisoma, alilifuata lote. Akiachwa nalo, halimo.

Baada ya hapo tulichukua maswali aliyokosa katika jaribio la pili, akayafanya upya bila saa. Tukayapanga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale aliyoyapata mara tu saa ilipoondolewa. La pili ni yale aliyoyakosa tena, lakini nikimkumbusha jambo moja dogo anayamaliza mwenyewe. La tatu ni yale ambayo hata baada ya kuelezwa hakuwa na pa kushikia.

Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko mengine yote mawili kwa pamoja. La tatu lilikuwa dogo: uwezekano, njia za kuchagua vitu kutoka kundini, na namna takwimu zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Hii ilibadilisha picha yote. N. alidhani amesahau hisabati. Ukweli ni kwamba alikuwa na kanuni nyingi, ila nyingi zilikuwa zimepoteza masharti yake.

Nitoe mifano, kwa sababu kiini cha kisa kipo hapa.

Alichukua kipeuo cha pili cha 9 + 16 na kuandika 7. Yaani alichukua kipeuo cha 9, ambacho ni 3, na cha 16, ambacho ni 4, akajumlisha. Jibu ni kipeuo cha 25, yaani 5. Ukurasa mwingine aliandika (x + 3)² kuwa x² + 9, akiacha 6x njiani. Pengine aligeuza 1/(a + b) kuwa 1/a + 1/b. Makosa matatu ya mada tatu, na kitabu kinayaweka katika sura tatu tofauti, lakini ni kosa moja: imani kwamba tendo lolote linaweza kugawiwa kwa kila kilichomo ndani ya mabano. Kuzidisha kunaruhusu hivyo. Vipeo, vipeuo na kugawa namba kwa jumla ya namba nyingine haviruhusu.

Magazijuto nayo ilimponza. Aliyepewa kifupisho hicho shuleni hujua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. N. alikifuata herufi kwa herufi, na kwa 10 − 4 + 3 akajumlisha 4 na 3 kwanza, akapata 3. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Unakwenda kushoto kuelekea kulia, na jibu ni 9. Kifupisho alikikumbuka kikamilifu. Sharti lake, ambalo mwalimu wake bila shaka alilisema kwa mdomo, lilipotea.

Halafu kulikuwa na lile la wanafunzi na walimu. Sentensi inasema: wanafunzi ni mara sita ya walimu, andika mlinganyo. N. aliandika 6W = M, W ikiwa idadi ya wanafunzi na M ya walimu. Maneno yanafuatana hivyo, naye aliyafuata. Lakini weka walimu 10: wanafunzi wawe 60, na mlinganyo wake unadai 360 ni sawa na 10. Sahihi ni W = 6M. Nilimweleza kwamba watafiti wa Marekani waliwapa swali la aina hii wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zaidi ya theluthi walikosea, wengi kwa namna ileile. Nilitaka asikie hilo mapema, kwa sababu alikuwa ameanza kuhesabu kila kosa kama ushahidi dhidi yake.

Na la mwisho, swali la kulinganisha: x ni kubwa kuliko 0, Kiasi A ni x², Kiasi B ni x. Alijibu bila kusita kwamba A ni kikubwa. Kwa x = 2 ni kweli, 4 dhidi ya 2. Kwa x = 1 vinalingana. Kwa x = ½, A ni ¼ na B ni ½. Taarifa hazitoshi. N. hakujaribu namba yoyote. Alikumbuka tu kwamba mraba wa namba huikuza.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukifunga kitabu. Kuanzia siku ile, swali lilitangulia na maelezo yakafuata, tena pale tu alipokwama baada ya kuandika kitu. Hakuruhusiwa kusoma ufumbuzi bila kuwa na jaribio lake kwenye karatasi, hata kama ni mstari mmoja usio sahihi. Na akishausoma, anaufunga na kulifanya swali upya mwenyewe, kisha tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Wa pili ulikuwa daftari la makosa lenye safu tatu: nilichoandika, kwa nini nilidhani ni sahihi, namba ya kujaribia. Safu ya katikati ndiyo niliyoisisitiza. Watahiniwa wengi huandika kosa na jibu sahihi, basi. Lakini kosa lisilotajwa chanzo chake hurudi, maana ile imani iliyolizaa haijaguswa. Katika safu ya tatu aliandika namba ndogo ambazo zingemwonyesha papo hapo kwamba anakosea. Kwa kipeuo, 9 na 16. Kwa 1/(a + b), weka 2 na 2: upande mmoja ¼, mwingine 1. Kwa maswali ya kulinganisha alijiwekea zana ya kudumu: jaribu sifuri, moja, sehemu iliyo kati yao, namba hasi na namba kubwa, kabla ya kuamini chochote.

Uamuzi wa tatu aliupinga. Nilitaka wiki mbili za mwanzo ziwe za sehemu, asilimia, uwiano, vipeo na namba hasi, bila kikokotoo kabisa. "Hayo ni ya watoto," alisema, na muda ulikuwa unakwenda. Nilishikilia kwa sababu mbili. Karibu kila swali katika fungu la pili liliangukia moja ya hayo matano, hata pale lilipovaa nguo za jiometri au takwimu. Tena anayesitasita kwenye sehemu hutumia nusu ya muda wa swali kufanya kazi isiyo ya swali lenyewe. Aliridhia baada ya kulikosa swali la bei inayopanda kwa asilimia 20 kisha kushuka kwa asilimia 20. Alijibu inarudi palepale. Inatoka 100 hadi 120, halafu asilimia 20 inakatwa kwenye 120, si kwenye 100, na inabaki 96. Asilimia ya nini? Swali hilo aliliandika kwenye jalada la daftari.

Baada ya wiki hizo mbili tulianza kuchanganya mada, na huu, kwa maoni yangu, ndio uamuzi uliobeba mengine yote. Sura ya kitabu ina kichwa. Ukifanya maswali ishirini chini ya kichwa "Uwiano", umeshaambiwa nusu ya jibu kabla ya kusoma swali, na kinachobaki ni kukokotoa. Mtihani hauna vichwa. Swali linakuja uchi, na kazi ya kwanza ni kulitambua ni la aina gani. Kazi hiyo N. hakuwahi kuifanya hata mara moja katika wiki zake sita. Kwa hiyo kila jioni alipewa maswali machache ya mada tofauti yaliyovurugwa, na kabla ya kukokotoa alitakiwa kuandika kwa maneno: linauliza nini, na nitaanzia wapi.

Fungu la tatu tuliamua kuligusa kidogo tu. Uwezekano rahisi, ndiyo. Maswali marefu ya kuchagua na kupanga, hapana. Akikutana nayo, aweke jibu la kukisia na kusonga mbele. Saa nayo tuliiacha mpaka wiki ya tano, kwa kuwa kumkimbiza mtu ambaye bado anaandika 6W = M ni kumfundisha kukosea kwa kasi.

## Wiki za kushuka

Maswali yalipochanganywa, N. akaporomoka. Katika wiki za sehemu na asilimia alikuwa anapata karibu yote. Sasa akawa anakosa nusu. Alinitumia ujumbe usiku mmoja akisema anafikiri aombe kozi isiyotaka GRE. Sikuwa na sababu ya kumbembeleza kwa maneno matamu. Nilimwomba afanye upya, bila kuangalia daftari, maswali aliyokosa wiki tatu zilizopita. Aliyapata karibu yote, na kwa yale aliyokosa aliweza kusema amekwama mstari gani. Kwa mtu aliyekuwa akisema "hesabu sizijui" kama hukumu ya jumla, kuweza kuonyesha mstari ni hatua kubwa. Aliendelea.

Saa ilipoingia, tatizo jipya likajitokeza: hakuweza kuacha swali. Akikwama alikaa nalo dakika nne, tano, kwa sababu kuliacha kulimrudisha kwenye ile hisia ya shule. Mtihani unaruhusu kuwekea swali alama na kulirudia ndani ya awamu ileile, basi tukaweka kanuni: ikipita dakika moja na nusu bila njia kuonekana, chagua jibu, weka alama, ondoka. Alifanya mazoezi ya kuondoka kama mada inayojitegemea. Jioni nzima maswali kumi na mawili kwa dakika 21, na lengo la jioni hiyo si kupata, ni kufika la kumi na mbili.

Jambo jingine lilihusu kuandika. N. alipenda kukokotoa kichwani ili kuokoa muda, na chini ya saa namba zilimpotea. Mwaka 2001 watafiti Ashcraft na Kirk walionyesha kwamba wasiwasi wa hesabu unapunguza nafasi ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi, yaani nafasi ileile unayohitaji kubeba namba kutoka hatua moja kwenda nyingine. Sikumwambia asiogope. Nilimwambia aandike kila hatua, ili woga ukichukua nafasi yake kichwani, namba ziwe salama kwenye karatasi.

## Matokeo

Jaribio la kulipia alilofanya wiki tatu kabla ya mtihani lilimpa 153. Siku yenyewe alipata 156. Alisimulia kwamba awamu ya kwanza aliimaliza akiwa na dakika mbili za kurudia aliyoyawekea alama, na awamu ya pili ilipokuja ngumu aliichukua kama habari njema, jinsi tulivyozungumza. Maswali matatu ya mwisho aliyakisia.

Palizuka swali la kurudia mtihani. Kanuni zinaruhusu baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na mwombaji anaweza kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe. N. aliamua kutorudia. Alama zake ziliingia katika kiwango ambacho idara ilisema huwapokea wengi, barua ya maombi bado haijaandikwa vizuri, na alihisi mwezi mmoja wa ziada ungemwongezea alama mbili tatu huku ukimla muda wa barua. Nilikubaliana naye. Alipata nafasi.

Katika muhula wa kwanza wa takwimu alikutana na logariti, ambazo hatukuzigusa. Alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, safu tatu zilezile. Safu ya katikati iliandikwa: "nilidhani log ya jumla ni jumla ya log". Safu ya tatu ilikuwa na namba alizojaribia mwenyewe, 10 na 10: log ya 20 ni kama 1.3, wakati log ya 10 jumlisha log ya 10 ni 2. Alilikamata kosa bila mtu kumsahihisha.

## Uchambuzi

Kwa nini wiki sita za bidii zilizaa alama mbili? Jibu langu ni kwamba N. alikuwa anafanya zoezi la kutambua, na mtihani ulimtaka akumbuke. Ukisoma ufumbuzi wa kitu ulichowahi kukijua, akili inaitikia kila mstari, na kuitikia huko kuna ladha ya kujua. Anayejifunza kwa mara ya kwanza hapati ladha hiyo. Anaona giza, na giza linamwambia ukweli. Anayerudia ndiye aliye hatarini zaidi. Watafiti Roediger na Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa kutumia vifungu vya kusoma: waliosoma tena na tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kitabu ndio waliokumbuka zaidi. N. alikuwa akijipima baada ya dakika tano, kila jioni, kwa wiki sita.

Kuhusu kuchanganya mada, Rohrer na Taylor mwaka 2007 waliona kitu kilekile kilichomtisha N. Waliochanganyiwa maswali ya hesabu walifanya vibaya wakati wa mazoezi, na vizuri zaidi kwenye mtihani wa baadaye. Mwalimu anayechanganya mada bila kumwandaa mwanafunzi kwa ule mporomoko atampoteza njiani. N. alibaki kwa sababu tulikuwa na maswali ya wiki tatu nyuma ya kulinganishia. Bila hayo sioni ningemwonyesha nini.

Ni haki pia kuuliza kama zile wiki sita zilikuwa hasara tupu. Sidhani. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kitu kilichosahaulika hadi hakikumbukwi kabisa bado hujifunzwa upya kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. N. alishika sehemu na vipeo ndani ya wiki mbili, kasi ambayo mgeni wa mada hizo asingeifikia, na kusoma kwake kulichangia kuamsha msamiati. Upande wa pili, Bahrick na Hall mwaka 1991 waliwapima watu kwa hisabati ya shule na kuona kwamba waliowahi kufika ngazi ya kalkulasi au zaidi walibaki na aljebra yao kwa takriban nusu karne, wakati walioishia chini waliipoteza taratibu. N. aliishia sekondari. Kanuni zake hazikupata kutumiwa na hisabati ya juu yake, na nadhani ndiyo maana zilibaki majina bila masharti. Mhandisi anayerudi baada ya miaka ileile angehitaji mpango mwingine: saa mapema, misingi kidogo.

Yaliyoshindwa nayo yapo. Jaribio la pili la bure lilitumika mahali ambapo halikuwa na cha kueleza zaidi ya kwamba kusoma hakujasaidia, na baadaye alilazimika kulipia jingine. La kwanza kulifanya bila maandalizi kulikuwa sahihi, kwa sababu bila lile tusingekuwa na pa kupimia. La pili lingekaa mpaka saa iwe imezoeleka.

Daftari la makosa lilikua mno. Kufikia wiki ya nane lilikuwa na kurasa nyingi kiasi kwamba kulipitia kulichukua jioni nzima, na N. akaanza kulisoma kama alivyosoma kitabu. Tulilipunguza kwa kulipanga upya kwa chanzo cha kosa badala ya mada, na kurasa zikawa chache: kugawa kisichogawika, asilimia ya nini, kuandika mlinganyo kwa mfuatano wa maneno, kusahau sehemu na namba hasi. Upangaji huo ungekuwepo tangu siku ya kwanza ungeokoa jioni kadhaa.

Kuliacha fungu la tatu kulifaa mtihani na hakukuifaa kozi. Alama zilipatikana kwingine, kwa muda mdogo zaidi. Lakini takwimu za afya zimejengwa juu ya uwezekano, na N. aliingia darasani akiwa dhaifu pale pale palipohitajiwa. Muhula wa kwanza ulimgharimu jioni nyingi kwa sababu hiyo. Kwa mwombaji wa fani isiyo na takwimu, uamuzi ule ningeurudia bila wasiwasi. Kwa anayekwenda kwenye takwimu, zile wiki kati ya mtihani na kufunguliwa kwa chuo zipangiwe uwezekano kuanzia mwanzo kabisa: sarafu mbili, dadu mbili, kuorodhesha matokeo yote kwa mkono kabla ya kanuni yoyote.